Kibaba cha Mpagazi: Hesabu ya Chakula na Mazoezi kwa Wiki

Mtu anayetaka kupunguza uzito huuliza kwanza, "Leo nile nini, na leo nitembee kiasi gani?" Swali hilo ni jema, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Mwili hauifungi hesabu yake kila jioni kama afanyavyo mwenye duka. Huiacha wazi kwa siku kadhaa, na anayetaka kujua kama amepata au amepoteza yampasa aisome kwa juma zima. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha jambo hilo kwa mfano wa watu waliolijua kwa miguu yao kabla maabara yoyote haijalipima, nao ni wapagazi wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kuendelea hadi Ujiji.

Msomaji aliyewahi kufika Tabora ameiona miembe mikongwe ya mji huo, na huenda amelizuru tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 na ambalo siku hizi ni makumbusho. Katika karne ya 19 mji huu, ambao Burton aliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya nchi ya Unyamwezi. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara, na karibu vyote vilikwenda juu ya mabega na vichwa vya watu. Wanyamwezi walisifika kuliko wote kwa kazi hiyo, nayo ilikuwa kazi ya malipo iliyokuwa na desturi zake, viongozi wake, na posho yake. Yatupasa pia kukumbuka kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa na ujira wala haki ya posho. Hesabu nitakayoifanya hapa ni ya mpagazi huru, wala isichukuliwe kuwa picha ya kila aliyetembea katika njia ile.

Mzigo na posho

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ukiacha mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Posho ya kawaida ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Burton alikikadiria kibaba kuwa ratili moja na nusu, ambayo kwa vipimo vyetu ni gramu 680. Hapa walimu wa fizikia wawatahadharishe wanafunzi kuwa kibaba ni kipimo cha ujazo na si cha uzito. Kibaba cha mtama, cha mchele na cha unga havilingani katika mizani, na kibaba cha kusawazisha hakilingani na kibaba cha kilele. Wapagazi waliujua ukweli huo vizuri, na ugomvi juu ya kipimo haukuwa jambo geni katika kambi.

Kiasi cha nishati iliyomo katika chakula hupimwa kwa kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya sentigredi. (Watu wengi husema "kalori" wakiwa na maana ya kilokalori, na kosa hilo limekwisha zoeleka mno hata halirekebishiki.) Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, aliweka viwango ambavyo bado twavitumia: gramu moja ya wanga hutupa kilokalori 4, ya protini 4, na ya mafuta 9. Nafaka kavu ina maji kidogo na makapi kidogo, kwa hiyo gramu moja yake hutoa karibu kilokalori 3.45. Kibaba cha gramu 680 basi kilimpa mpagazi kilokalori 2,350 hivi.

Je, alitumia kiasi gani? Mwaka 1977 Pandolf na wenzake nchini Marekani walichapisha kanuni ya kukadiria nishati anayotumia mtu aliyebeba mzigo, kwa kuzingatia uzito wake, uzito wa mzigo, mwendo wake, mwinuko na aina ya ardhi. Nimeitumia kanuni hiyo kwa mtu wa kilo 60, mwenye mzigo wa kilo 32, akitembea kilomita 4 kwa saa katika njia tambarare ya udongo yenye vichaka vidogo. Jibu linakaribia kilokalori 300 kwa saa. Mtu huyo huyo akilala hutumia 62 hivi kwa saa, na akiwa kambini akikata kuni, akiteka maji na kujenga kibanda tuseme 110.

Siku ya mwendo wa saa 4 basi ilikuwa hivi. Mwendo wenyewe ulichukua kilokalori 1,200, usingizi wa saa 8 ukachukua 500, na saa 12 za shughuli za kambi 1,320. Jumla ni 3,020. Tukitoa kibaba chake, tunaona mpagazi alilala na deni la kilokalori 670. Kwa hesabu ya siku, posho ile haikutosha hata kidogo, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika kuwa wapagazi wote walikuwa wakikonda mpaka kufa.

Hebu sasa tuitazame ramani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, miezi zaidi ya minne. Stanley, aliyekuwa na haraka ya kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Tabora tarehe 23 Juni, majuma 13 hivi. Gawanya kilomita 800 kwa majuma 13, utapata kilomita 61 au 62 kwa juma. Lakini siku moja ya mwendo wa saa 4 ni kilomita 16. Maana yake ni kwamba hata msafara uliokwenda mbio ulitembea kwa kipimo cha siku 4 tu katika juma! Siku nyingine msafara ulikuwa umesimama. Mvua ilinyesha, au mto umefurika, au watu wameugua, au wakubwa wako katika mazungumzo marefu ya hongo na watemi wa Ugogo, au chakula cha siku za mbele kinatafutwa vijijini.

Siku ya kukaa kambini ilitumia kilokalori 2,100 hivi, pungufu ya kibaba. Sasa tufunge hesabu ya juma. Siku 4 za mwendo ni 12,080, na siku 3 za kambi ni 6,300. Jumla ya matumizi ni 18,380. Vibaba 7 vilileta 16,450. Upungufu wa juma zima ni kilokalori 1,930 tu. Tukichukua kadirio la kawaida kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ina kilokalori 7,700, upungufu huo ni kama robo kilo kwa juma, au kilo 3 na kidogo kwa safari nzima. Kipande cha nyama ya mawindo, asali ya misitu ya miombo, au kunde zilizonunuliwa kwa shanga viliweza kuliziba pengo hilo.

Kwa hiyo posho isiyotosha kwa siku ilikaribia sana kutosha kwa juma. Sidhani kuwa waliopanga kipimo cha kibaba kimoja waliketi wakapiga hesabu. Kipimo kilichunjwa na uzoefu wa miaka mingi, kwa kuwa msafara uliotoa pungufu ulikimbiwa na wapagazi wake. Mambo yaliharibika pale mpangilio wa juma ulipovunjika. Mashariki ya Tabora, baada ya Ugogo, palikuwa na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa adimu na vijiji vichache. Huko msafara ulilazimika kufanya terekeza, yaani mwendo mrefu wa mchana wa kuvuka mahali pasipo maji, bila siku za kupumzika kati. Ukiweka siku 6 za mwendo katika juma badala ya 4, hata kama ni za saa 4 tu, upungufu unafika kilokalori 3,770, karibu nusu kilo kwa juma, na hapo si ajabu kusikia kuwa watu walidhoofika, walitupa mizigo, au walitoroka.

Maabara yasemavyo

Mnamo 1955 Edholm na wenzake huko Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapima vijana 12 waliokuwa wakifunzwa uofisa jeshini, chakula chao na kazi yao, siku baada ya siku. Walitazamia kuona kuwa aliyefanya kazi nyingi leo angekula sana leo. Hawakuona hivyo. Chakula cha siku moja hakikuhusiana na kazi ya siku ile ile, bali kilionekana kuhusiana na kazi ya siku mbili zilizopita. Watafiti wa baadaye hawakuiona wazi kila mara ile nafasi ya siku mbili, lakini jambo la kwanza limesimama: njaa ya leo si kipimo cha kazi ya leo. Hamu ya chakula huja kwa kuchelewa, kama mdai anayekuja nyumbani wakati umekwisha sahau kuwa ulikopa.

Hapa ndipo wengi wetu tunaponaswa. Mtu hukimbia sana Jumamosi asubuhi, akajisikia shujaa, na kwa kweli siku ile hali sana. Jumatatu anajikuta anaongeza sahani na hajui kwa nini. Nami naungama kuwa nimepitia njia hiyo. Miaka niliyosomea shahada ya uzamivu ng'ambo, katika nchi ya baridi, nilikaa mno maabarani nikarudi nyumbani na kilo 11 nilizokuwa sikuondoka nazo. Nikajiwekea sheria ya kukimbia kila Jumamosi hadi nichoke kabisa. Baada ya miezi mitatu mizani ilikuwa pale pale, na daktari aliponipima shinikizo la damu hakutabasamu. Nilikuwa nimeihesabu Jumamosi, nikaziacha siku sita zijihesabu zenyewe.

Kuna jambo la pili lililogunduliwa hapa hapa nchini, nalo linaitia doa hata hesabu yangu ya wapagazi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, wanaume 13 na wanawake 17, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji yenye atomi nzito za haidrojeni na oksijeni ambazo hazina madhara, kisha wakapima kasi ya kutoka kwake katika mkojo, na kwa njia hiyo wakajua nishati iliyotumika kwa siku kadhaa bila kumfungia mtu chumbani. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini! Wataalamu wangali wakijadili sababu. Fikra moja ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Ikiwa ni hivyo, huenda mpagazi aliyekwisha zoea njia alitumia pungufu ya zile 3,020 nilizoziandika, na kibaba chake kikamfaa zaidi ya ninavyokisia.

Kwa anayetaka kupungua, fundisho la Eyasi ni kali kidogo. Mazoezi peke yake hayaleti upungufu wote unaosomwa katika jedwali. Mkono mzito wa mizani ni ule wa chakula. Hiyo si sababu ya kuyaacha mazoezi. Huusaidia mwili kutumia sukari vizuri, hushusha shinikizo la damu, na huilinda misuli wakati mafuta yanapopungua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani. Msomaji aangalie kwamba dakika hizo zimetolewa kwa juma na si kwa siku.

Juma la mwalimu

Tuchukue sasa mwalimu wa leo, tuseme wa Tabora, mwenye kilo 80, anayeketi sana na kupanda bodaboda hata kwa safari fupi. Tukadirie kuwa anatumia kilokalori 2,400 kwa siku na anakula kiasi hicho hicho, yaani 16,800 kwa juma, kwa hiyo uzito wake umesimama. Anaamua kutembea kilomita 5 kwa saa moja, siku 5 za juma. Kwa uzito wake, saa hiyo humgharimu kilokalori 200 zaidi ya ambazo angetumia akiwa ameketi. Juma zima ni 1,000, ambayo ni kama gramu 130 za mafuta. Si haba, lakini chupa tano za bia ya mililita 500 Jumamosi jioni, kila moja ikiwa na zaidi ya kilokalori 200, hulifuta juma lote la kutembea. Asiyekunywa bia asicheke mapema, kwani soda saba zitafanya kazi ile ile.

Tuongeze mkono wa chakula. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyojificha kuliko vyote. Kijiko kikubwa kimoja cha gramu 14 kina kilokalori 126. Akipunguza vijiko viwili katika mboga na chapati za siku, ameokoa 252. Akipunguza vijiko vidogo 8 vya sukari katika chai zake za kutwa, kila kimoja gramu 4, ameokoa 128. Kwa siku ni 380, na kwa juma 2,660. Pamoja na zile 1,000 za kutembea tunapata 3,660, karibu nusu kilo kwa juma. Hajaacha ugali, hajanunua dawa yoyote, wala hajalala njaa.

Chakula chake cha juma sasa ni kilokalori 14,140. Hapa ndipo faida ya hesabu ya juma inapoonekana. Si lazima azigawe sawasawa. Ikiwa Jumamosi kuna harusi, na mwenyeji wa Tabora hawezi kukaa mbele ya sinia ya pilau akihesabu punje, basi aipangie Jumamosi 2,500. Siku 5 za kazi na kutembea azipe 1,950 kila moja, jumla 9,750. Jumapili itabaki na 1,890. Jumlisha: 14,140. Harusi imeliwa na hesabu imefungwa. Mtu anayehesabu kwa siku, akila pilau hiyo, hujiona ameshindwa, na aliyejiona ameshindwa huongeza sahani ya pili kwa hasira.

Kwamba mgawanyo usio sawa haudhuru matokeo kumejaribiwa. Mwaka 2011 Michelle Harvie na wenzake, Uingereza, walitoa matokeo ya wanawake 107 wenye uzito uliozidi. Kundi moja lilipunguza robo ya chakula kila siku. La pili lilibana sana siku mbili tu za juma, na siku nyingine likala kawaida. Upungufu uliokusudiwa kwa juma ulikuwa sawa. Baada ya miezi 6 makundi hayo yalikuwa yamepungua karibu sawa. Lakini siku za kulegeza zisipoandikwa ni hatari. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2008 uliona watu waliokuwa wakipungua vizuri siku za kazi wakisimama kupungua mwisho wa juma, hasa kwa sababu ya Jumamosi.

Mizani nayo isomwe kwa juma. Mwili hutunza akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Mlo mmoja wenye chumvi nyingi, au siku moja ya jua kali, huweza kusogeza mizani kilo moja au zaidi, na hakuna hata gramu ya mafuta iliyoongezeka wala kupungua. Pima mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya kula. Usitazamie pia kwamba nusu kilo ya juma la kwanza itajirudia daima. Mwili unaopungua hutumia nishati pungufu, kwa kuwa ni mdogo zaidi na kwa kuwa hubana matumizi, na baada ya miezi kadhaa mteremko hulegea. Wanaogawanya 7,700 kwa upungufu wa siku, kisha wakaahidi kilo 26 kwa mwaka, wanasahau jambo hilo.

Yasiyofaa kufanywa

Nimeombwa na mwalimu mmoja nieleze jambo hili kinaga ubaga, kwa sababu ameona wasichana wa kidato cha tatu wakishinda na maji matupu Jumatatu hadi Alhamisi. Hesabu hii ni ya mtu mzima mwenye uzito uliozidi. Haimhusu mwanafunzi ambaye mifupa yake ingali ikirefuka. Haimhusu mama mjamzito wala anayenyonyesha. Mwenye kisukari anayetumia dawa asibadili chakula bila daktari, maana sukari ya damu inaweza kushuka ghafula.

Tukumbuke matokeo ya majaribio ya Minnesota, Marekani, ya 1944 na 1945, yaliyoongozwa na Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya waliojitolea walipewa karibu nusu ya chakula chao kwa majuma 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila juma. Walipoteza robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, wakaona baridi mchana wa jua, wakawa hawazungumzi wala hawaoti kitu kingine ila chakula. Kilomita 35 ni karibu nusu tu ya zile ambazo mpagazi wa Stanley alitembea kwa juma, tena wao hawakubeba kitu. Kibaba kilichokatwa hakikuwa jambo dogo.

Nchi yetu inabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa 28% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na katika utafiti huo huo 34% ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mara nyingine wote wawili hula katika chungu kimoja. Mwalimu anayefundisha somo hili azingatie nani ameketi mbele yake.

Kazi za darasani

Jaribio. Pima karanga moja kavu katika mizani ya maabara. Tuseme ni gramu 0.6. Weka gramu 100 za maji katika kopo dogo la bati, pima joto lake. Choma karanga kwa sindano, iwashe kwa moto, kisha iweke chini ya kopo mpaka iishe kuungua. Pima joto tena. Kwa mujibu wa majedwali gramu 100 za karanga zina kilokalori 567, hivyo karanga hiyo ina 3.4, na joto lingepasa kupanda nyuzi 34. Mara nyingi halitafika hata nusu yake. Wanafunzi waeleze joto jingine limekwenda wapi, na wapendekeze namna ya kulizuia. Mwalimu awe karibu na ndoo ya mchanga.

Kipimo. Kila kundi lilete kibaba cha nyumbani au kopo linalotumika sokoni mahali pake. Lijazwe mtama, kisha mchele, kisha unga wa mahindi, mara tatu kila kimoja, kwa kusawazisha na kwa kilele. Pigeni hesabu ya tofauti kubwa kabisa kwa kilokalori, kisha muijumlishe kwa siku 7.

Hesabu. Mpagazi wa kilo 60 alifanya terekeza siku 2, kila siku saa 8 za mwendo, saa 8 za usingizi na saa 8 za kazi za kambini. Siku moja alitembea saa 4 kama kawaida, na siku 4 msafara ulisubiri maji ya mto yapungue. Alipata kibaba kimoja kila siku. Kwa kutumia viwango vilivyotajwa katika makala haya, tafuta upungufu wa juma. (Jibu: kilokalori 2,530.) Kisha chukua kuwa siku za kusubiri mnyapara alitoa nusu kibaba tu kwa hoja kwamba watu hawafanyi kazi. Tafuta upungufu mpya, na mwandikie mnyapara huyo barua ya kurasa moja kumweleza kosa la hesabu yake.